Bia ya Mkulima Asiyeshika Jembe

Msyuuu! Jamani, watu wana ujasiri. Bia inapikwa katikati ya jiji, kwenye matangi ya chuma yanayong'aa, halafu wanaiita bia ya shambani, ya mtindo wa Kibelgiji. Shamba gani? Nani analima? Swali hilo ndilo lililowasha moto kibarazani kwa Kinyozi, hapa Kansas City ya Missouri, siku Dereva alipoteremsha katoni ya bia hiyo, Tank 7, na kutangaza kwamba leo tuachane na zile bia nyepesi za kila wikiendi.

Wa kwanza kusonya alikuwa Mzee wa Bukavu. "Ninyi Ubelgiji mnaisikia kwenye mpira," alisema. "Sisi Wabelgiji walikaa kwetu, wakatutawala, wakatuachia na viwanda vya bia. Leo Mmarekani anifundishe mimi bia ya Kibelgiji?"

Kinyozi akamjibu taratibu, "Mzee wangu, shikamoo yako iko palepale, lakini onja kwanza. Kesi husikilizwa pande mbili."

Basi ikamiminwa. Na hapo mmiminaji asizembee, maana povu lake jeupe linapanda kwa fujo na likishafika juu halina haraka ya kushuka. Rangi ni ya dhahabu, yenye ukungu kidogo. Ukiinamisha pua unakutana na balungi, tena ganda lake zaidi ya nyama yake. Nyuma ya balungi inakuja pilipili manga, kisha harufu ya mkate na matunda yaliyoiva. Mdomoni utamu wa kimea unatangulia, una dalili ya asali. Gesi inachonyota ulimi, uchungu wa hopsi, yale maua ya kukolezea bia, unaingia, na ukishameza mdomo unabaki mkavu kabisa, ile pilipili ikiwa ya mwisho kuondoka.

"Wametia pilipili hawa!" Dereva akalalamika.

Hawakutia, kaka. Ladha hiyo ni kazi ya chachu. Chachu za bia hizi za Kibelgiji, ambazo wenyewe wanaziita saison, zina tabia mbili. Zinatoa ladha ya viungo na matunda bila mtu kutupia kitu kwenye sufuria, na zinakula sukari karibu yote. Ndiyo maana bia inamaliza ikiwa kavu, nawe unatamani funda jingine kabla hujaweka glasi chini. Balungi nalo lina asili yake: Amarillo, hopsi ya Kimarekani, ambayo hutiwa baada ya bia kuchachuka ili iache harufu bila kuzidisha uchungu. Kwa hiyo ukitaka kuamua kesi ya Mzee kwa ulimi, pilipili ni ya Mbelgiji na balungi ni la Mmarekani. Ndoa ya mseto, na watoto wametoka wazuri.

Lakini Mzee hakukubali upesi. Akasema bia hii ina kwao, na kwao si jijini. Hapo alikuwa na hoja. Kwao ni Hainaut, jimbo la Wallonia, kusini mwa Ubelgiji, kwa wale wanaozungumza Kifaransa. Zamani, kabla ya majokofu, kupika bia wakati wa joto kulikuwa kuitafutia balaa, maana vijidudu vilijaa hewani na pipa zima lingeweza kuchacha vibaya. Wenye mashamba wakawa wanapika majira ya baridi, kazi za shamba zikiwa zimepungua na mikono ipo, wanaihifadhi, kisha wanaifungua kiangazi vibarua wakiwa wamejaa mashambani. Kibarua alihitaji kinywaji cha kukata kiu, kisicho na sukari nyingi, kisichomlaza chini ya mti.

Kinyozi, ambaye ni wa Moshi, akatikisa kichwa kukubali. "Hata kwetu, ukiwaita watu waje kukusaidia shamba halafu pombe ya mbege haionekani, mwakani utalima na mkeo."

Haya, sasa tuje kwenye namba, maana hapo ndipo na mimi nilipojikuta nasonya. Saison Dupont, inayopikwa kijijini Tourpes kwenye kiwanda kilichoanza kama shamba lenye mitambo yake ya bia mwaka 1844, ina kilevi cha asilimia 6.5. Hiyo ndiyo bia ambayo wapishi wa Marekani wanaitazama wanapotaka kujua saison inatakiwa iweje. Tank 7 ina asilimia 8.5! Dereva, mtoto wa Nakuru, akahesabu haraka: "Tusker ni 4.2. Hii ni zaidi ya mara mbili!" Sasa niambie, mvunaji akiinywa hii saa nne asubuhi, ikifika saa sita atavuna nini? Atavunwa yeye.

Na huo ndio ugonjwa wa Mmarekani. Kitu kikiwa kizuri kidogo, yeye ataona kikiwa kikubwa kitakuwa kizuri zaidi. Tazama gari lake, tazama sahani yake, tazama soda yake. Hata wale wa Ommegang, waliofungua kiwanda cha bia za Kibelgiji karibu na Cooperstown, New York, mwaka 1997, saison yao inayoitwa Hennepin waliipeleka hadi asilimia 7.7. Waliipa jina la padri Louis Hennepin, mzaliwa wa Hainaut aliyefika maporomoko ya Niagara katika karne ya 17. Padri wa watu alikuja kueneza Injili, leo yuko kwenye lebo ya bia. Nyie!

Ila tusiwaonee. Wapo wanahistoria wa bia wanaosema ile hadithi ya vibarua na mavuno imeongezwa chumvi, na kwamba saison nyingi ziliuzwa na viwanda vya kawaida kwa watu wa mijini. Na Marekani nako wapo wenye mashamba ya kweli. Kule Greensboro Bend, Vermont, Shaun Hill alifungua Hill Farmstead mwaka 2010 katika ardhi ya ukoo wake, na bia zake kadhaa anazipa majina ya wazee wa ukoo huo. Saison zake mbili zinaitwa Anna na Arthur. Huyo akikuandikia shamba kwenye chupa, shamba unaliona.

Hii ya kwetu hapa mjini ina historia nyingine. Kiwanda chake, Boulevard, kilianzishwa mwaka 1989 na John McDonald, fundi seremala, na pipa lake la kwanza alilipeleka mwenyewe kwa pikapu yake kwenye mgahawa wa jirani. Jina la Tank 7 nalo halikutoka kwa wataalamu wa matangazo. Kila kiwanda kina mtambo mmoja mkorofi, na kwao lilikuwa tangi namba saba la kuchachushia. Walipotaka kujaribu bia yao mpya ya mtindo wa Kibelgiji, wakaichachushia humo, ikatoka vizuri, na bia ikabaki na jina la tangi sugu. Hapo Dereva alicheka mpaka akamwaga, akasema kumbe hata mkorofi akipewa kazi inayomfaa anaweza kulisha nyumba.

Mzee wa Bukavu alikuwa bado amekunja uso. Ndipo Kinyozi akamtolea kadi yake ya mwisho: mpishi mkuu aliyeongoza kiwanda hicho wakati bia hii inazaliwa, Steven Pauwels, ni Mbelgiji. Alihamia hapa mwaka 1999. Na mwaka 2013 kiwanda chenyewe kikanunuliwa na Duvel Moortgat, kampuni ya Ubelgiji, iliyokuwa imeshaichukua Ommegang nayo tangu 2003.

Mzee akaweka glasi chini. "Kwa hiyo Mmarekani amechukua bia ya Mbelgiji, akaajiri Mbelgiji aipike, ikapendwa, halafu Mbelgiji akaja akanunua tangi, chumba na mlango?"

"Ndiyo, Mzee."

"Msyuuu! Nilisema mimi hawa watu nawajua." Akajimiminia tena.

Mimi langu ni hili. Watu wanaogombea kama bia hii ni halali au si halali wanapoteza pumzi. Bia haina cheti cha kuzaliwa. Kosa la Tank 7 ni moja: imeacha kazi iliyozaliwa kuifanya. Saison ilikuwa bia ya kunywea kiu, nayo hii ni bia ya kuketi nayo. Utamu wake wa mwanzo umezidi kidogo, na kilevi chake kina hila, kwani gesi na lile balungi vinakificha hadi unaposimama ndipo unajua ulikuwa umekaa na nani. Ukiilinganisha na Dupont utaona ile ya Tourpes ni nyembamba na kavu zaidi, na unaweza kuinywa chakula kizima bila kuchoka. Hii ya kwetu ina sauti kubwa. Mwenye sauti kubwa si lazima awe mwongo, ila humkaribishi kila siku.

Mezani lakini inajitetea. Mji huu unajulikana kwa nyama ya kuoka kwa moshi, yenye mafuta na sosi tamu, na hapo gesi na ukavu wake vinasafisha kinywa tonge baada ya tonge. Kuku wa kuchoma mwenye pilipili na ndimu anaelewana nayo pia, na samaki wa kukaanga vilevile. Usiigandishe kwenye friza, maana baridi kali inaua harufu na utakuwa umenunua pilipili bila balungi. Itoe kwenye friji, iache ipumue kidogo, uimimine kwenye glasi yenye tumbo pana.

Hukumu ya kijiwe, basi: ladha imeshinda, jina la shamba limeshindwa. Nunua, lakini chupa moja mgawane wawili, na funguo za gari mpeni yule anayekunywa chai.