Sina Kitu, na Risiti Ninayo

Hapa Isiolo tuna orodha mbili za watu wasio na kitu. Ya kwanza huanzia kwa chifu. Ukiandikwa humo na umri wako umefika miaka 70, mpango wa Inua Jamii unakutumia shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingi hukawia zikaja za miezi kadhaa kwa mpigo. Ya pili iko kwenye mtandao wa iTax wa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Nayo ina shilingi 2,000 zake, ila hizi mwendo wake ni wa kinyume: usipofika kabla Juni 30 haijaisha ukaapa kwamba mwaka uliopita hukupata hata ndururu, unadaiwa wewe.

Mimi ni wa orodha ya pili. Ile ya kwanza umri wangu bado unaikataa.

Nina shahada, nina cheti cha tabia njema, na nina PIN ya KRA yenye herufi A mwanzoni na herufi nyingine mwishoni. PIN ilivitangulia vyote viwili, kwa sababu bila hiyo HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hawakukopeshi karo. Kwa hivyo nilikuwa mlipa ushuru rasmi kabla sijawahi kulipwa na mtu yeyote kwa lolote. Naishi Bula Pesa, na tafadhali usicheke. Jina la mtaa halihesabiwi kuwa mapato.

Jambo ambalo wengi hawalijui, wakiwemo wasomi wenzangu, ni kwamba PIN haijali kama una kazi au huna. Ikishapewa wajibu wa ushuru wa mapato, kila mwaka inataka ritani, yaani taarifa ya mapato, hata kama ritani yenyewe ni sufuri kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31. Ukichelewa, sheria inasema faini ni asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa au shilingi 2,000, ile iliyo kubwa zaidi. Asilimia 5 ya sufuri kila mtu anaijua. Aliyeandika kifungu hicho alituona kwa mbali sisi wa sufuri, akatuwekea mtego wetu pale kwenye "iliyo kubwa zaidi".

Kumweleza nyanya yangu jambo hili ndiko kulikokuwa kazi. Sisi tunamwita Akko. Asubuhi ile nilimwambia naenda mjini kuiandikia serikali kwamba sina kitu. Akanibariki, akaingia ndani, akatoka na gunia tupu alilolikung'uta vumbi.

"La nini, Akko?"

"La kubebea."

Sikuweza kumlaumu. Tangu azaliwe, kila serikali ilipokuja na kalamu kuandika nani hana, baadaye lori lilifuata na mahindi, maharagwe na mikebe ya mafuta. Nikamwambia hawa hawatoi kitu. Akafikiri. "Sasa wakishajua huna, wanafanya nini?" Nikamwambia wanakupa karatasi. Akalikunja gunia polepole, akanitazama jinsi anavyomtazama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa, kisha akafungua leso akanipa shilingi mia. Ilikuwa ya maziwa. Akko ana ngamia wake huko Kulamawe, na maziwa yao hupanda basi na madumu mengine kwenda Eastleigh. Nyumbani kwetu mwenye mapato ni yeye, na hana PIN. Mwenye PIN ni mimi.

Huko mjini, saiba ilikuwa imefurika hadi kwenye baraza. Palikuwa na wanabodaboda, wasichana waliomaliza kidato cha nne, kinamama wa chama waliochukua PIN wakati wa kufungua akaunti ya benki, na mwalimu mmoja aliyevaa tai, ameshika fomu yake ya P9 ya mshahara na makato ndani ya bahasha ya plastiki. Sote tulikuwa tumesubiri hadi Juni 30, kwa sababu Mkenya hupenda kuiachia siku ya mwisho heshima yake. Mtandao nao ulikuwa na mawazo hayohayo. Kile kiduara cha kusubiri kilizunguka mpaka mtu akaanza kusinzia.

Ilipofika zamu yangu, iTax iliniuliza kwanza hesabu. Si mzaha. Kabla ya kukufungulia, hukupa hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa ili ithibitishe kuwa wewe ni binadamu. Nikajibu vizuri. Kisha ikataka nenosiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nenosiri lilichaguliwa na kijana wa saiba nyingine, iliyokwisha kufungwa, aliyenitolea PIN wakati ule wa HELB. Kuomba jipya ni rahisi: mtandao unalituma kwa barua pepe yako. Ila barua pepe aliyoijaza kijana yule haikuwa yangu. Ilikuwa yake. Nasikia alifanyia hivyo nusu ya darasa letu, ili asipoteze muda kufungulia kila mmoja akaunti.

Kumpata hakukuwa kugumu, Isiolo watu wanajuana. Siku hizi ni taniboi wa lori la Moyale. Nikampigia, akashika, nyuma yake ng'ombe wanalia.

"Ndugu yangu, tuko Merille, mtandao ni wa kuazima. Ngoja tufike Laisamis."

Nikangoja. Wa nyuma yangu wakapita mmoja mmoja. Alipofika Laisamis alipiga mwenyewe, mtu muungwana sana, akanisomea nenosiri jipya kwa sauti ya kushindana na ng'ombe: S kubwa, tatu, k ndogo, halafu ile alama ya mwisho ukiangalia salio. Saiba nzima ikalisikia. Wengine walikuwa wanaliandika.

"Na ukiwa hapo," akasema, "kuna barua zako zingine. HELB wanataka pesa zao." Kimya kidogo. "Halafu kulikuwa na watu wa kazi, walichukua anwani kwenye cheti chako cha PIN. Wamekuita intavyuu."

"Lini?"

"Machi."

Waliokuwa karibu nami wakaangalia chini kwa adabu. Nikamshukuru, nikaingia kwenye iTax, nikachagua ritani ya sufuri, nikajaza tarehe mbili, nikaulizwa kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika kama ile.

Risiti ilitoka kwenye printa ikiwa bado moto. Jina langu kamili, PIN yangu, namba ndefu ya kumbukumbu, na tarehe. Nikalipa ile mia ya Akko. Nikigeuka kuondoka nilijiuliza kama mia uliyopewa na nyanya ni mapato, lakini niliona nisiamshe yaliyolala.

Nilikuwa mlangoni niliposikia mwalimu akipaza sauti. Kijana wa kompyuta alikuwa amewajazia watu sufuri mfululizo tangu asubuhi, na mkono ulikuwa umezoea njia. Mwalimu alipoketi akampa PIN na nenosiri, kijana akabofya palepale alipokuwa akibofya, akachapisha, akasema, "Anayefuata!" Bahasha ya P9 haikufunguliwa. Mtu anayekatwa ushuru kila mwezi, akakatwa asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, alikuwa ameshikilia karatasi ya serikali inayosema hakupata kitu mwaka mzima.

Kijana aliomba radhi, akasema ritani hurekebishwa, waanze upya. Mwalimu aliivaa miwani, akaisoma karatasi hadi chini, akasoma tena. "Hebu ngoja," akasema. "Ukiondoa makato yote na mkopo wa sako, hii si uongo sana." Watu walicheka mpaka mwenye saiba akatoka nje kuangalia kuna nini. Lakini aliketi, na P9 ikajazwa, kwa sababu mwajiri wake amekwisha kuwaambia KRA alichomlipa, na kutangaza sufuri huku takwimu zako wanazo ni kujitafutia barua nyingine.

KRA wana msemo wao, "Tulipe Ushuru, Tujitegemee". Nusu ya kwanza niko tayari kuitekeleza siku yoyote. Nusu ya pili inangoja kama ule mji wa kitalii wa Isiolo tulioahidiwa kwenye mradi wa LAPSSET.

Kwa sasa barua pepe nimeibadilisha, baada ya kwenda kwenye kaunta ya KRA nikiwa na kitambulisho na kuonyesha uso. Nawe uliyechukua PIN kwa ajili ya HELB, chama au stima, usingoje Juni 30. Ingia leo, na kabla ya lolote angalia barua pepe iliyoandikwa humo ni ya nani. Ikiwa si yako, mtafute mwenyewe umuulize kama kuna mtu amekuita kazini.