Sifa za Mheshimiwa Uchovu

Wanaosifiwa ni wengi: wakimbiaji, wachuuzi waamkao alfajiri, mama wa kupikia watu mia pilau bila kukaa. Leo namsifu asiyesifiwa na mtu, Uchovu, na namsifu nikiwa nimeketi. Namsema yule wa mtu ambaye tezi yake dundumio, ile ya shingoni, imezembea kazi, akapewa dawa ya levothairoksini, anaimeza kila siku, na bado anasinzia kwenye daladala mpaka anapitishwa kituo.

Ana uaminifu ambao ndugu hawana. Lala saa tisa nzima. Ukifumbua macho yuko pembeni, keshavaa, anakungoja.

Na haogopi karatasi. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi hiyo, kati ya 0.4 na 4 hivi. Majibu yakija 2.1, daktari anatabasamu, mgonjwa anatabasamu, faili linafungwa. Uchovu peke yake hatabasamu. Hajui kusoma, na mimi nampendea hilo.

Ni mpelelezi pia. Mkaribishe kwa daktari uone maswali anayoyazua. Kidonge unakimeza kwa maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, au unakisindikiza kwa chai ya maziwa na chapati? Vile vidonge vya kuongeza damu unavibugia papo hapo? Madini ya chuma yaliyomo huishika dawa tumboni isiingie mwilini, na kalisi vivyo hivyo. Vipishane na kidonge kwa saa nne. Je, unakoroma? Hedhi ni nzito? Damu, sukari na vitamini B12 vimepimwa lini? Moyo nao, una huzuni? Maana huenda tezi inasingiziwa, na mkosaji ni mwingine kabisa.

Kasoro yake ni moja: adabu. Daktari akiuliza, "Habari za siku nyingi, mama?" mdomo unajibu wenyewe, "Nzuri tu, daktari." Tumelelewa hivyo, hata mwenye msiba hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme amefiwa na nani. Ila kliniki foleni ni ndefu, na ile sehemu ya pili ya salamu haifikiwi. Na hata ikifikiwa, "nachoka choka" haimwambii daktari kitu, kwa kuwa naye amechoka. Mwambie ngazi ulizokuwa ukizipanda kwa mkupuo, na sasa unasimama ya ngapi. Mwambie ni tangu mwezi gani.

Wapo wanaomtukuza Uchovu kupita kiasi, wakajiongezea dozi kimyakimya. Moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka, na dozi ya kuzidi ikikaa miaka hula mifupa. Mheshimiwa hakuomba tambiko hilo. Dozi ikibadilishwa na daktari, Uchovu husubiri wiki sita hadi nane ndipo damu ipimwe tena, bila kunung'unika. Anachotaka ni kupelekwa kliniki, na aachiwe aseme yeye kwanza, kabla faili halijafunguliwa.