Kwa Mheshimiwa Anayehusika

Mtaa Mpya,
Bariadi,
Mkoa wa Simiyu.

Mheshimiwa Anayehusika,

YAH: KUTAMBULIWA KWA TAKA ZA NYUMBA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uniwie radhi kwa kutotaja jina wala cheo chako. Mjumbe wa nyumba kumi alinielekeza kwa wakubwa wake, wakubwa wake wakanielekeza pembeni, na huko pembeni kijana mmoja mwenye adabu zake akaniambia: “Mzee wangu, hilo lina anayehusika, ila kwa sasa ametoka.” Nikamshukuru. Tangu siku hiyo moyo wangu umetulia, maana mtu aliyetoka ni mtu aliyepo. Barua hii naiacha mezani pako, uisome ukirudi.

Kwanza pokea pongezi. Serikali inaijua nyumba yangu kuliko shemeji zangu wanavyoijua. Kiwanja kilipimwa, mawe ya mipaka yakazikwa pembe zote nne. Nikaomba kibali cha ujenzi, ramani ikakaguliwa mpaka dirisha la choo. Agosti 2022, nyumba ikiwa kwenye lenta nami nikilala kwenye chumba kimoja kilichowahi bati, karani wa Sensa alibisha hodi akanihesabu mimi, mke wangu na kuta zetu, kwa kuwa mwaka ule na majengo yalihesabiwa. Ndipo tukaambiwa mkoa wetu, ambao ulizaliwa mwaka 2012 ukiwa na watu 1,584,157, sasa una watu 2,140,497. Mwaka huohuo wa 2022, kabla ya Sensa, ilikuwa imeshapita operesheni ya anwani za makazi: nikapata namba ya nyumba, na njia ya ng'ombe iliyopita mbele yangu ikapata nguzo na jina.

Kisha umeme ukaingia. Hapo ndipo nilipojua kuwa natazamwa kwa jicho la upendo. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida kama yangu ni shilingi 1,500 kila mwezi. Sikujaza fomu. Sikupanga foleni. Hakuna aliyeniambia kuwa anayehusika na kodi ametoka. Mita iliwaka asubuhi, na kodi ikajua njia.

Lakini, Mheshimiwa, siku tulipohamia nyumba nzima tulifanya jambo ambalo halikuwemo kwenye ramani. Tulipika.

Maganda ya viazi vitamu, mabaki ya ugali, vikonyo vya mchicha, majivu ya mkaa, pampasi za mjukuu, chupa za maji, paketi za sabuni. Hayo juu ya urithi alioniachia fundi: mifuko mitupu ya saruji, vipande vya vigae, makopo ya rangi na mabaki ya jipsamu yaliyoloa mvua yakawa uji. Nikatoka getini kutazama gari la taka linapita upande gani. Halipiti upande wowote. Jirani aliyehamia kabla yangu alicheka, akanipa koleo.

Ushauri wa koleo ni wa kale: chimba shimo. Ulikuwa ushauri mzuri kwa babu yangu, aliyekuwa na mji wenye zizi, shamba la mihogo na eneo la makaburi. Mimi nina kiwanja cha mita 20 kwa 20. Ukitoa nyumba, ukatoa nafasi ambayo kibali kinataka iachwe kati ya ukuta na mpaka, ukatoa shimo la choo, tenki la maji na banda la kuku, kinachobaki ni kichochoro ambacho mwenye nyumba hukipita akiwa amekaza tumbo. Shimo la kwanza limejaa. La pili nimelipigia hesabu, na kwa vipimo vyote linaangukia chini ya kitanda cha wageni. Mke wangu hajaafiki, ingawa mimi naona lingepunguza wageni.

Ushauri wa pili ni kuchoma. Basi magharibi ikiingia mtaa mzima unafuka. Huyu anaanika shuka, yule anachoma pampasi. Wataalamu wa afya wanatuambia moshi wa plastiki una sumu inayoumiza mapafu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Tumewasikia. Tunaomba watuambie pia jioni hiyo plastiki iwekwe wapi, maana hapo somo huwa linaishia.

Ushauri wa tatu hutolewa na mvua. Mvua ikishuka, kila kilicholala mtaroni huamka na kusafiri, kikafuata makorongo mpaka mitoni, na Mto Simiyu, kama ujuavyo, humwaga maji yake Ziwa Victoria. Nami nafuatilia kwa furaha mradi mkubwa wa kuyatoa maji ya ziwa hilohilo kuyaleta kwetu kwa bomba, kwa fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na za Ujerumani kupitia benki yake ya KfW. Nimeuelewa kuwa ni mpango wa kubadilishana: sisi tunapeleka chupa ziwani bila malipo, ziwa linaturudishia maji kwa mita. Najua maji yatasafishwa kabla ya kunifikia. Lakini kila uchafu unaoingia huko una dawa yake ya kuusafisha, na dawa ina bei, na bei ina mlipaji. Huyo mlipaji tayari mna anwani yake.

Usidhani sisi ni wavivu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi maduka hayafunguliwi mpaka tumalize usafi, nasi hutoka na mafagio, reki na makoleo. Tunafagia kwa moyo mmoja, tunakusanya marundo mazuri kando ya barabara yenye jina, tunapiga picha. Kisha tunarudi nyumbani, na marundo yanabaki yakingoja gari. Jumapili wanapita mbuzi kukagua. Wanakula kilichooza, wanakiacha kisicholika. Upepo wa Jumatatu hugawa kisicholika hicho kwa haki, kila nyumba ikapata fungu lake. Kwa hiyo ukisikia kwamba mji wetu una mfumo wa kutenganisha taka, ni kweli. Una pembe mbili na ndevu.

Sasa nifike kwenye neno linaloniuma. Katika kila semina ya mazingira huambiwa kuwa tatizo ni elimu: wananchi hawajui kutenganisha taka, hawajui urejelezaji, wahamasishwe kwanza. Mheshimiwa, unazungumza na watu wa pamba.

Nenda kijiji chochote cha Bariadi, Itilima, Maswa au Meatu msimu wa mavuno. Utawakuta bibi na wajukuu wake wameizunguka chanja, wanapitisha kila fundo mikononi: pamba safi huku, pamba fifi kule, jani kavu chini, punje ya mchanga nje. Hawana cheti. Wana mizani inayowangoja kituoni, na bei ya daraja la kwanza si bei ya daraja la pili. Kutoka hapo pamba inakwenda kiwandani, nyuzi zinafungwa marobota, mbegu inakamuliwa mafuta, mashudu yanapewa ng'ombe, ng'ombe anatoa samadi, samadi inarudi shambani. Mafuta hayo tunakaangia. Huo ndio urejelezaji, na hapa kwetu ulikuwepo kabla mtu hajachapisha fulana zenye neno hilo.

Hata masalia yake yana sheria. Mkulima wa pamba wa kanda yetu anajua kuwa kabla ya Septemba 15 mabua yawe yameng'olewa na kuteketezwa, la sivyo funza atalala humo akingoja msimu ujao. Bua la pamba lina tarehe. Pampasi ya mjukuu wangu haina.

Au itazame soda. Ukinunua soda ya chupa ya kioo dukani, mwenye duka hakuachii utoke na chupa mpaka uweke chupa nyingine au uache hela. Ndiyo maana hujawahi kuona chupa ya soda ya kioo imelala mtaroni. Kuna mtoto ameshairudisha. Chupa ya plastiki haina dhamana, imelala mtaro mzima. Mnywaji ni yuleyule na elimu yake ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba chupa moja ina anayeingoja na nyingine haina.

Au ikumbuke ile mifuko ya plastiki ya rambo. Juni 1, 2019 serikali ilisema basi, na kweli ikawa basi. Mama lishe, muuza dagaa, mwenye duka la jumla, wote walibadilika ndani ya wiki chache, wakiwa na elimu ileile waliyokuwa nayo Mei. Walipewa tarehe, wakapewa mfuko mbadala. Vitu viwili tu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ratiba ije kabla ya semina. Maombi yangu ni haya.

La kwanza: kibali cha ujenzi kiongezwe ukurasa mmoja wa taka. Kama mnaweza kuniuliza choo changu kitakaa wapi kabla sijanunua tofali, mnaweza kuniuliza gunia la taka litakaa wapi, na kuniambia litachukuliwa siku gani na nani. Mnapopima viwanja 200 vipya, pimeni pamoja navyo eneo la kizimba cha taka na kona ambayo guta linaweza kugeukia. Kizimba kikija baada ya nyumba, hakuna atakayekubali kikae mbele ya geti lake, na mimi nitakuwa wa kwanza kukataa.

La pili: tupewe siku. Hata moja kwa wiki. Tukijua ni Jumanne, Jumanne magunia yatakuwa nje.

La tatu: magunia yawe mawili, la vinavyooza na la vikavu. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni za kuoza, na hizo katika mkoa wa wakulima na wafugaji si taka, ni mboji iliyochelewa. Zikitoka humo, kinachobaki ni kikavu, chepesi, na wanunuzi wa chupa na skrepa wanaopita na mizani yao watakichukua wenyewe. Dar es Salaam, kata ya Bonyokwa, wakazi na asasi ya Nipe Fagio walianzisha utaratibu wa kukusanya taka mlango kwa mlango zikiwa zimeshatenganishwa. Bonyokwa hawalimi pamba. Sisi tungewaacha mbali.

La nne: kazi wapewe vijana. Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja kikipata maguta mawili, glavu na buti, na kikapewa mtaa wake kwa mkataba, tutakilipa. Nalipa maji, nalipa LUKU, nalipa hata mtu wa king'amuzi. Sijawahi kukataa kulipia kitu kinachokuja. Kinachonishinda ni kulipia kisichokuja.

Utaniuliza kama haya yana msingi kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka jukumu la taka ngumu mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa, na Kanuni za taka ngumu zilifuata mwaka 2009. Mtoto aliyezaliwa mwaka sheria ile inapita ameshapiga kura, ameshajenga, na sasa anachimba shimo lake la kwanza nyuma ya nyumba.

Endapo maombi haya yatakuwa mazito, ninalo jepesi. Naomba kiwanja changu kisajiliwe rasmi kuwa dampo. Sifa zote ninazo: taka zipo, moshi upo, kunguru wapo, na majirani wawili wameanza kutupa kwangu nyakati za usiku. Nitalipia tathmini ya athari kwa mazingira, nitaweka bango, nitanunua mashine ya risiti. Nikishakuwa dampo lenye namba ya mlipakodi, nina hakika halitapita juma moja kabla mkaguzi hajafika kuniuliza kwa nini sina utaratibu wa kuondoa taka. Nitamkaribisha kiti, nitampa maji ya kunywa, na nitamwambia kuwa hilo lina anayehusika, ila kwa sasa ametoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye Nyumba Namba Inayojulikana

Nakala:
Kodi ya majengo – uwaonyeshe wengine njia ya kunifikia.
Jirani mwenye koleo – kwa taarifa.
Mbuzi wote wa mtaa – kwa utekelezaji wa muda.