Fadhila ya Karata
Ni ufidhuli ulioje kwa vijana wa Mbweni, wakeshao mbele ya kioo wakiua maiti wanaotembea, kuupendelea bado mchezo wa video wa Left 4 Dead wa mwaka 2008, ambamo watu wanne hushika bunduki na kukimbia tu, ilhali mafundi wale wale wa Turtle Rock wamewatunukia, mwaka 2021, Back 4 Blood, ambamo sharti mtu apange kwanza karata zake kwa taadhima, kama karani wa forodha apangavyo stakabadhi, nao maiti wakingoja nje kwa adabu. Tena ulipotoka ulidai intaneti hata kwa achezaye peke yake: hisani iliyoje kumliwaza mpweke! Nimewausia subira, wamejibu kwa kumaliza safari nzima ya mchezo mkongwe kabla sijachagua karata yangu ya tatu.