Namna ya Kumgeuza Mgonjwa Ambaye Faili Linasema Amegeuzwa

Mdogo wangu, ukiingia zamu ya usiku, faili litasubiri. Anza na mgongo. Faili la mzee wa kitanda cha 9 limejaa alama za vema, zimepangwa kama watoto mstarini: amegeuzwa saa 4, saa 6, saa 8. Mgongo wake umechorwa mikunjo ya shuka la tangu mchana. Uamini mgongo.

Ita mwenzako. Ukimgeuza mzee mzito peke yako utamburuta, na kuburutwa huchubua ngozi. Kama uko peke yako wodi nzima, mwombe ndugu yake: "Shikamoo mama, nishikie shuka upande huo." Moja, mbili, tatu. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti.

Sasa kagua visigino, nyonga, na pale juu ya makalio. Vitabu vingi vitakwambia utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, basi tumia kiganja: pakiwa pa moto, pagumu au pamelegea kuliko pembeni, kidonda kimeshaanza ndani. Usimlaze tena upande huo.

Hatua ngumu inakuja saa 10, mama wa kitanda cha 3 anapovuja damu na mzee hajageuzwa. Usiweke vema. Kiache kisanduku wazi, andika sababu, na asubuhi mkikabidhiana zamu iseme kwa sauti, ili anayeingia aanzie kitanda cha 9 kabla ya chai. Hauko peke yako: mwaka 2006 mtafiti wa uuguzi Beatrice Kalisch alichapisha majibu ya wauguzi wa Marekani aliowauliza kazi zipi huachwa. Kugeuza wagonjwa kulikuwamo. Miongoni mwa sababu walitaja uchache wa watu, na pia mazoea: ukiacha leo, kesho kuacha hakukusumbui. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha, kwa sababu hata tukiongezewa watu litabaki nasi.

Nawe inchaji wa wodi, una hatua moja tu. Ukimfokea aliyeacha kisanduku wazi, kesho utaletewa faili safi na mgongo uliooza. Mpe kiti. Muulize, "Usiku ulikuwa na nani?" Kisha fungueni ratiba ya zamu muitazame pamoja.