Sifa za Chumba Kisichoonekana

Mashujaa wamekwisha kusifiwa. Majahazi yamesifiwa, minazi imesifiwa, hata kahawa chungu ya barazani haikosi wa kuitungia beti. Sasa ni zamu ya kazi ambayo haijapata kupigiwa hata kofi moja: kutafiti mlikuwa na nini ndani ya chumba cha rubani wa ndege ya kivita, kilikaa wapi na kilipakwa rangi gani, ili mtu mzima mwenye familia na kodi ya nyumba apate kuunda, bila kosa, ndege ya plastiki inayoenea kiganjani. Naisifu bure. Ambao wangenilipa ni hao hao wanaoifanya, na fedha zao zimeishia kwenye vitabu.

Nianze na ukubwa wake. Spitfire ya Waingereza iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na hadi viwanda viliposimama zilikuwa zimeundwa zaidi ya 20,000. Mark I ilikuwa na urefu wa mita 9.12. Katika skeli ya 1/72 zinabaki sentimita 12.7, na geji yenye upana wa sentimita 8 inabaki milimita 1.1. Ndani ya milimita hiyo mtafiti mwadilifu anataka uonekane mshale, zisomeke tarakimu, na ijulikane rangi ya radiamu iliyong'aa gizani ili rubani asome usiku. Akishafanikiwa, anaigandisha geji mahali pake, anamkalisha rubani mbele yake, anafunika kwa kioo cha plastiki ambacho kikikuzwa mara 72 kingekuwa na unene wa sentimita kadhaa, na habari ya geji inaishia hapo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu huinama ili akakiweke mvunguni. Nani amewahi kuonyesha unyenyekevu zaidi ya huo?

Wazee wetu wa fani hii hawakubahatika. Katika seti nyingi za mwanzo za kampuni ya modeli ya Airfix, miaka ya 1950, chumba cha rubani hakikuwa na sakafu wala dashibodi. Rubani aliegeshwa juu ya vijiti viwili vilivyotokeza ukutani, akapigana vita nzima akielea. Watoto waliziunganisha jioni moja, wakazirusha uani, wakalala na furaha. Hawakujua wanakosa nini.

Fadhila ya pili ni mazungumzo. Kazi nyingine humalizika, na watu wakabaki hawana la kusema. Hii haina hatari hiyo. Chukua rangi. Ndani ya Spitfire mlipakwa kijani chenye ukijivu, jambo linalokubalika mpaka pale mtu anapouliza: kijani kipi? Picha nyingi za wakati wa vita ni za nyeusi na nyeupe. Tena filamu za othokromatiki hazikuhisi mwanga mwekundu, kwa hiyo kitu chekundu hutoka cheusi na cha njano huonekana kimefifia kuelekea giza. Chukua kiti. Vya mwanzo vilikuwa vya metali, baadaye vikaja vya plastiki ngumu ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na ndege ikiharibika fundi hakuona haya kuhamisha kiti kutoka hii kwenda ile. Halafu kuna mtaimbo. Kwenye mlango mdogo wa kushoto ulibanwa mtaimbo wa kumsaidia rubani kujinasua kioo kikikwama. Katika Spitfire nyingi zilizokarabatiwa umepakwa rangi nyekundu inayopendeza. Je, wakati wa vita ulikuwa mwekundu? Waulize waunda modeli wawili, uwaachie maji ya kunywa, uende zako shambani. Ukirudi na mavuno watakuwa bado wapo.

Mtu mwepesi atasema: si uende makumbusho ukaangalie? Ushauri mzuri. Spitfire ya zamani kuliko zote zilizosalia, K9942, imehifadhiwa Cosford, Uingereza. Zipo pia zinazoruka hadi leo, lakini hizo zimefungwa redio za kisasa, maana sheria za anga hazijali uhalisi wa 1940. Na hata ile iliyotulia ukumbini imepita mikononi mwa mafundi wa zama mbalimbali, kila mmoja na kopo lake la rangi. Mtafiti anatoka makumbusho akiwa na picha mia za kitu asichoweza kukiamini, na moyo wake umejaa, kwa sababu sasa ana sababu ya kununua kitabu kingine.

Wapo wanaokimbilia kwa Wajerumani wakidhani huko kuna utaratibu. Kweli, Wajerumani waliipa kila rangi namba yake. Vyumba vya ndege yao ya kivita, Messerschmitt Bf 109, vya awali vilipakwa RLM 02, kijivu chenye ukijani, na kuanzia mwishoni mwa 1941 ikaja RLM 66, kijivu kizito karibu na cheusi. Raha mustarehe, mpaka utakapochagua ndege iliyotoka kiwandani katika miezi ile ya mabadiliko. Agizo hutolewa siku moja. Rangi iliyobaki kwenye mapipa haisomi maagizo.

Mvivu kabisa na atafute nafuu huku kwetu. Mwaka 1915 Waingereza walirusha ndege kutoka kisiwa cha Mafia kwenda kuelekeza mizinga ya meli zao dhidi ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji. Henri Farman iliyokuwa angani tarehe 11 Julai, siku meli hiyo ilipomalizwa, ilikuwa na injini nyuma na watu wawili waliokaa mbele, wazi, upepo ukiwapiga usoni. Hakuna kioo cha kuficha kitu. Lakini asifurahi mapema: vyombo vikipungua, picha nazo hupungua, na mahali penye picha chache kila mwenye mdomo ni mtaalamu.

Wenye kejeli wana hoja moja tu: kwamba yote haya hayana faida. Nawajibu kwa pampu. Spitfire za mwanzo hazikukunja magurudumu zenyewe. Upande wa kulia palikuwa na pampu ya mkono. Rubani akishaacha ardhi ilimbidi ahamishe mkono wa kushoto kutoka kwenye wenzo wa mafuta hadi kwenye usukani, kisha apige pampu kwa mkono wa kulia. Mkono mmoja ukisukuma na kuvuta, mwingine nao hufuata bila kukusudia, na ndege nzima ikawa inainua na kuinamisha pua angani mpaka magurudumu yaingie. Aliyesimama uwanjani aliona kijana asiyejua kurusha. Aliyechungulia upande wa kulia wa chumba anajua ni pampu. Baadaye ikaja pampu iliyoendeshwa na injini, pua ikatulia, na modeli inayochanganya pampu ya mwanzo na ndege ya baadaye inasema uongo juu ya mkono wa mtu. Mnaweza kunionyesha faida gani nyingine inayopatikana kwa plastiki ya uzito wa punje ya mchele?

Sitaji fadhila ndogondogo: kwamba mtafiti hushinda nyumbani, kwamba ndege isiyokwisha haihitaji kabati la kuwekwa, kwamba mtu aliyebishana juu ya kijani kwa miaka hana muda wa kubishana juu ya mirathi. Natoa nasaha moja tu kwa anayeona uchungu kuzika kazi yake chini ya kioo. Acha kioo wazi, ndani paonekane. Ila ukiacha kioo wazi utataka na mlango uwe wazi. Ukifungua mlango, mtaimbo utaonekana. Ukionekana, lazima ujue rangi yake. Na wale wawili uliowaachia maji ya kunywa bado hawajaamua.