Pima Kwanza, Jipambe Baadaye

Hakuna mteja mwepesi wa kuuziwa kama anayenunua miwani. Ameingia dukani kwa sababu haoni vizuri. Anavua miwani yake ya zamani, anavaa fremu mpya yenye vioo vya maonyesho visivyo na namba, anajitazama kwenye kioo, kisha anatangaza kwamba imempendeza. Alichokiona hapo ni ukungu wenye masikio mawili. Hata hivyo mjadala unaendelea nusu saa nzima: picha zinatumwa kwenye kundi la familia, shangazi aliyeko Tanga anasema nyeusi inamzeesha, binamu anasema ya kahawia inampa sura ya mkaguzi wa shule, kura zinapigwa, na mshindi anapatikana kabla macho yenyewe hayajapimwa. Kupima kunafuata, na kunachukua dakika mbili. Hoja yangu ni kwamba kuchagua pa kupimia macho na kuchagua pa kununulia miwani ni maamuzi mawili, na huo wa kwanza ndio unaostahili ile nusu saa, sehemu kubwa ya pesa, na hata kura ya shangazi.

Kinachotupotosha ni bure. Ukipita Kariakoo au Posta jijini Dar es Salaam hukosi kibao kinachotangaza kupima macho kwa kompyuta bila malipo, na mwenye haraka huona tayari ameshaokoa pesa. Lakini mashine ile ilinunuliwa, chumba kinalipiwa kodi, na aliyevaa koti jeupe ana watoto shuleni. Gharama hizo zote zinalipwa mahali fulani, na mahali hapo ni kwenye fremu. Ni sawa na fundi cherehani anayekupima bure huku kitambaa kikiwa chake: usitarajie akuambie kwamba nguo uliyoivaa bado inakutosha. Sisemi kwamba wenye maduka ni matapeli. Wengi wamesomea kazi hiyo, wamesajiliwa na Baraza la Optometria, na wanapima vizuri. Ila anayekula kwa kuuza miwani hupata shida kumwambia mteja, “Macho yako mazima, nenda nyumbani.” Kwa hiyo swali la kuuliza mlangoni ni hili: kupima peke yake, bila kununua kitu, ni shilingi ngapi, na nitapewa cheti niondoke nacho? Ukitajiwa bei bila kigugumizi, hapo kipimo kina thamani yake. Ukiambiwa, “Wewe chagua fremu kwanza, hayo mengine tutaongea,” umeshajibiwa.

Kompyuta nayo tunaiheshimu kupita kiasi. Unaweka kidevu kwenye kiegemeo, unabana paji la uso, na ndani unaona picha ndogo: barabara iliyonyooka na puto la rangirangi mwishoni mwake. Puto linafifia, linarudi, mashine inalia kidogo, kisha inatema kikaratasi chembamba chenye namba za kujumlisha na kutoa. Picha ile imechorwa ya mbali makusudi ili jicho lilegee, maana jicho likijikaza, hasa la kijana, mashine hutoa namba kali kuliko inayohitajika. Kikaratasi kile, basi, ni makadirio ya kuanzia kazi. Kazi yenyewe bado ni ya kizamani: ubao wa herufi wa aina aliyoibuni daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, fremu nzito ya majaribio inayoning’inia puani, na mtu mvumilivu anayebadilisha kioo kimoja kimoja akiuliza, “Hii au hii?” Hapo ndipo malezi yetu yanapotuponza. Wapo wanaojibu “zote nzuri” ili wasimuudhi mtaalamu. Wapo waliozoea mitihani ya taifa: wanakariri mstari wa mwisho wakiwa bado kwenye benchi, wanautaja wote bila kosa, na wanaondoka wamefaulu huku hawaoni. Mpimaji mzuri hukuacha useme “sioni tofauti” mara tano bila kuguna, na kabla hujatoka hukutembeza na fremu ile ya majaribio hadi dirishani ukasome namba za magari.

Kuna na sehemu ambayo maduka mengi hayaigusi, nayo ni ndani ya jicho. Namba ya miwani inaeleza jinsi jicho linavyopinda mwanga; haielezi kama jicho ni zima. Presha ya macho huharibu neva ya jicho polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, ikianza kula pembeni mwa uoni, na kilichopotea hakirudi. Sisi Waafrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi, na mwenye mzazi au ndugu mwenye ugonjwa huo hatari yake inazidi. Kisukari nacho huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, na hata kabla ya hapo sukari ikipanda huweza kubadilisha namba ya miwani kwa muda: mtu anapimwa sukari ikiwa juu, anatengenezewa miwani, sukari inatulia, halafu anarudi dukani kugombana na fundi asiye na kosa. Ndiyo maana aliyefika miaka arobaini, mwenye kisukari, au mwenye ndugu mwenye presha ya macho, afadhali aanzie penye kliniki ya macho: Muhimbili au CCBRT kwa wa Dar es Salaam, KCMC kwa wa Moshi, Bugando kwa wa Mwanza, Mnazi Mmoja kwa wa Unguja. Majirani zetu wa Kenya wana Kikuyu na Sabatia.

Nasikia mtu anaguna: foleni! Ni kweli, foleni ipo. Nenda alfajiri na gazeti. Ukilisoma bila shida tangu saa moja hadi saa nne, umeshapata majibu ya awali ya uchunguzi wako. Wakikuwekea dawa ya kutanua mboni, maandishi ya karibu yatafifia kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiende unaendesha gari, na kwa heshima ya familia yako usichague fremu siku hiyo. Kambi za macho za bure nazo ni nafuu ya kweli, mradi uulize kama wanatazama ndani ya jicho au wanagawa miwani tu. Na ukilinganisha foleni na dakika mbili za dukani, kumbuka kwamba foleni hii si ya kila wiki. Tunapanga foleni ndefu zaidi kwa ajili ya kusajili laini za simu, na laini ikipotea unapewa nyingine.

Pingamizi zito zaidi liko kituo cha daladala, kwa machinga mwenye ubao wa miwani za kusomea kwa bei ya sahani ya chipsi kuku. Mteja anajaribu +1.00, +1.50, +2.00 akisoma maandishi ya kifuko cha dawa, na machinga, ambaye ana kipimo kimoja tu, anaviziavizia uso wake. Ukichanua, bei inatajwa papo hapo. Je, huyu naye apuuzwe? Hapana. Kuanzia miaka arobaini hivi lenzi ya jicho hukakamaa, mkono unaoshika simu unakuwa mfupi, na dawa yake ni kioo cha kawaida cha kukuza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria watu milioni 826 wenye tatizo hilo lisilotatuliwa. Na kwamba miwani nafuu inatosha, ushahidi upo: huko Assam, India, wachuma chai wa miaka arobaini na zaidi walipewa miwani ya kuonea karibu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukaonyesha uchumaji wao umepanda kwa takriban asilimia 22 kuliko wa wenzao waliosubiri. Ila wachuma chai wale walipimwa kwanza. Miwani ya ubaoni ina namba moja kwa macho yote mawili, na haijui kama jicho lako la kushoto ni dhaifu au konea yake haikupinda sawasawa. Nunua kwa machinga, wala usione haya, lakini nunua ukiwa na cheti mfukoni.

Kwa upande wa pili wapo wanaoamini kwamba bei ikipanda na macho yanapona zaidi. Hawa huuziwa tabaka juu ya tabaka: la kuzuia mikwaruzo, la kuzuia mng’aro, na lile maarufu la kuzuia mwanga wa buluu wa simu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 yalionyesha kwamba, kwa muda mfupi uliochunguzwa, lenzi za kuzuia mwanga wa buluu huenda hazina tofauti yoyote katika kupunguza uchovu wa macho kwa anayetazama skrini. Kinachofaa kulipiwa ni kitu kisichong’aa: umbali kati ya mboni na mboni, unaopimwa kwa milimita kwa rula iliyolazwa juu ya pua. Kwenye namba kali, kioo kisipokaa katikati ya mboni, hata fremu ya kifahari itakupa kichwa kuuma na ngazi itakuwa na kidato kisichokuwepo. Omba umbali huo uandikwe kwenye cheti, kisha zunguka nacho maduka matatu na uombe upunguziwe bila huruma. Kwenye fremu ndipo penye nafasi ya kushusha bei.

Atakayesema kwamba kulipia kipimo na kulipia miwani ni kulipa mara mbili, ahesabu pia bili ya kutoona. Pesa iliyotumwa kwa simu kwenda namba inayoishia na nane badala ya tatu, mpokeaji akawa mtu wa Sumbawanga aliyeshukuru Mungu na kuzima simu. Chumvi iliyotiwa kwenye chai ya wakwe. Basi la Mbezi lililopandwa na mtu wa Mbagala. Kijiko cha dawa ya mtoto kilichokadiriwa, na hapo utani unakwisha. Bajeti, basi, igawanywe hivi: toa kwanza fedha ya kupimwa na mtu aliyesomea, kisha ya lenzi zenye namba sahihi, na kilichobaki kiende kwenye fremu. Kikibaki kidogo, chukua fremu ya bei ya chini kabisa bila kujisikitikia, kwa sababu wa kuitazama ni wenzako, na wewe utakuwa na shughuli ya kuona.